Kichwa cha Kondoo Mezani kwa Mjomba

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa ndani ya gari langu bovu, nimefungwa kamba nyuma ya trekta, navutwa kurudi kijijini kama ndama aliyetoroka zizini. Kwa aliyekosa gazeti, habari ndiyo hii. Baba yangu, mzee Zhumabai, kisukari kilimshika mguu. Kaka yangu Berdibek akampeleka hospitali ya mjini. Mimi nikaondoka nyuma yao na blanketi walilolisahau. Upepo wa theluji ukaanza, polisi wakashusha kizuizi cha barabara, gari likazimika, na blanketi likaniokoa mimi badala ya mgonjwa.

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Mimi nyani sijafa bado, nateleza tu, wiki baada ya wiki, nanyi mnanunua gazeti mnacheka. Chekeni, ndiyo kazi yangu. Ila wiki hii naomba mcheke polepole.

Nyumbani nilimkuta mama amekaa na simu mapajani. Berdibek alikuwa amepiga na kusema baba amelala. Siku iliyotangulia pia alisema baba amelala. Mama, jina lake Kulyash, ni mtu mpole wa kuuliza. Akaniuliza kama binadamu anaweza kulala kiasi hicho. Nikamjibu kwamba dawa za hospitali huleta usingizi. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua, na nilikuwa sijui lolote.

Usiku ule barafu ikauelemea mnara wa simu na mtandao ukakatika kijiji kizima. Simu zetu zikabaki za kutazamia saa. Asubuhi ilikuwa ndiyo siku ya mwisho ya mwaka.

Sasa nitasema jambo, mniite mnavyotaka. Sikukuu hii ya baridi naipenda na inanichosha. Harufu ya machenza ikianza kutoka madukani mwezi wa kumi na mbili, nakuwa mtoto. Nikiona taa zinapepesa kwenye mti wa msonobari, nasimama kuzitazama, sijui kwa nini. Lakini ni sikukuu yenye amri. Lazima ufurahi, lazima saladi ya viazi na mayonesi ijae beseni, lazima uusifu mwaka uliokupiga kutwa kucha kana kwamba ulikuwa mgeni wa heshima. Mwenye msiba wake autie mfukoni mpaka wageni waondoke.

Baba alikuwa na maneno yake. Husema hii ni sikukuu ya Warusi, waliisahau hapa walipofunga mizigo. Mwaka wetu, husema, ni Nauryz, mwezi wa tatu, ardhi ikianza kuonekana. Anasema hivyo huku kabeba msonobari begani na kuwafokea watu wampishe mlangoni. Tena yeye ndiye aliyekuwa Ayaz Ata wetu, Mzee wa Baridi mwenye ndevu nyeupe na gunia la peremende, tangu mimi sijaota meno ya pili. Mguu ulipoanza kumsumbua alinivika joho la bluu kwa mikono yake, akanifunga mkanda, akarudi nyuma kunitazama. Akasema ndevu zinanipendeza kuliko uso.

Mwaka huu nilisema sivai. Nililitundika joho nyuma ya mlango na kuligeuzia mgongo.

Mjomba Tolegen, mdogo wake mama, akaja asubuhi ile ile. Mimi na mjomba tuna utani wetu. Kwetu mpwa anaweza kuchukua kitu kwa mjomba wake bila kuomba, kwa hiyo tangu nizaliwe hajawahi kuniita Sayat. Ananiita mwizi. Huingia kwa kelele: mwizi yuko wapi, nihesabu kuku wangu. Siku hiyo aliingia kimya, akavua kofia, akaniambia watoto wanamsubiri Ayaz Ata nyumbani kwake alasiri.

Nilimwambia baba yangu yuko hospitali na mimi si mwehu wa kucheza ngoma. Mjomba akatazama buti zake. Akasema watoto hawana kosa, na kwamba mama naye aje, asibaki peke yake leo. Hilo la mama alilisema mara mbili. Kisha akasema ameshachinja kondoo.

Hapo nilishangaa kidogo. Farasi wa nyama ya baridi nzima alikuwa ameshachinjwa siku nyingi, nyama imejaa stoo yake mpaka darini. Kondoo wa nini tena? Mjomba akajibu kwamba watu watakuja, wazee wachache. Hata Shehe Kasym wa ng'ambo ya mto ameitiwa, ikiwa theluji itamruhusu na ile fimbo yake.

Shehe, mwaka mpya wa Warusi? Mtu mwenye akili angesimama hapo akauliza. Mimi niliona mjomba kazidisha ukarimu, nikalishusha joho.

Tulizunguka nyumba kwa nyumba, mimi na binti yake mjomba, Togzhan, ambaye kila mwaka huwa Binti Theluji, mjukuu wa Ayaz Ata. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilimuuliza, akasema gundi ya kope za bandia inamwasha. Nikamtania kwamba Binti Theluji akilia ataganda. Hakucheka, akanirekebisha ndevu na kutangulia.

Na katika kila nyumba, jamani, tulipokelewa vizuri ajabu. Wanawake walinikumbatia pamoja na gunia langu. Fundi wa majiko, ambaye hatujasalimiana tangu tugombane juu ya mbwa wake, alinishika mkono akaushikilia muda mrefu. Jirani mmoja mchoyo, mtu wa kukupa chai na kukutazama unavyoweka sukari, alivua skafu yake ya sufu akanivalisha shingoni juu ya ndevu. Akasema nisije nikapata baridi, mwanangu, mama yako sasa anakutegemea wewe.

Mlisikia hilo neno "sasa"? Mimi sikulisikia. Nilitembea kwenye theluji nikiwa na furaha, nakiri mbele yenu, furaha kabisa. Nilidhani mwishowe kijiji kimenipenda, na kwamba mwaka huu nimekuwa Ayaz Ata mzuri kama baba. Usilolijua ni kama usiku wa giza, na mimi gizani nilikuwa natembea nikiimba.

Kwa mjomba watoto walikuwa wamejipanga chini ya mti. Kila mmoja akasoma shairi lake, nikatoa peremende. Mwisho akaja Inzhu, mjukuu wa mjomba, mdogo kuliko wote. Shairi alikuwa amelisahau. Badala yake akanikazia macho.

"Ayaz Ata, baridi si ni yako?"

Nikamwambia ndiyo, yote ni yangu.

"Basi uambie upepo unyamaze. Mjomba Berdibek apite barabarani amrudishe babu Zhumabai."

Watu wazima nyuma yake wakawa wanatazama zulia. Nikainama nikamwambia nitauambia. Niliusikia upepo ukivuma kwenye bomba la jiko, nami ndiye mwenye baridi yote, nimevaa joho na mkanda, na kizuizi kimoja cha chuma kilikuwa kimenishinda. Inzhu akaridhika. Mimi nikajiona tapeli.

Watoto wakapelekwa chumba cha pili na machenza yao. Sisi tukakaa. Nilitaka kuvua ndevu, lakini mzee Musakhan akakataa. Huyu mzee Musakhan ndiye mkubwa kuliko wote mtaani, mtu wa mizaha, masikio yake yamechoka kiasi kwamba habari za kijiji hupita juu ya kofia yake. Alisema hajawahi kula na Ayaz Ata, na umri wake haumruhusu kungoja mwakani. Basi nikakaa na ndevu zangu, mama upande wangu wa kulia, mjomba mbele yetu.

Tukanawa. Sinia la nyama likaletwa, nyama juu ya tambi pana, mvuke unapanda. Na sahani ya pembeni, kichwa cha kondoo.

Kichwa hupewa mzee Musakhan kila mwaka. Yeye hukata sikio akampa mtoto, akatoa kipande cha shavu akampa huyu na yule, na heshima ikaenda mahali pake. Mjomba akakiweka mbele yake pamoja na kisu. Mzee akakitazama kichwa, akanitazama mimi, na nikaona mzaha unamjia usoni kabla hajafungua mdomo.

"Siku zote nakula kichwa hiki kwa kuwa mkubwa ni mimi," alisema. "Leo aliyenizidi yupo. Ayaz Ata, hiki ni chako."

Akaisukuma sahani mpaka mbele yangu, macho ya kichwa cha kondoo yakinielekea.

Nilicheka. Kila mtu pale alijua jibu la mzaha ule, na mzee alikuwa anangoja jibu hilo hilo. Kwetu mtu ambaye baba yake yu hai hakamati kichwa. Kukishika ni kusema wewe sasa ndiye mkubwa wa nyumba yenu, yaani ni kumzika mzazi akiwa anapumua. Mwaka jana mgeni asiyetufahamu alimwekea Berdibek sahani ile. Mkono wa mama uliruka kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliiondoa sahani akasema baba yao yu hai, msimle akiwa mzima. Watu wakaangua kicheko, baba akicheka kuwashinda, akanyofoa sikio akanitupia mimi, eti mwenye baba atafune, asikate.

Kwa hiyo nilikaa nikingoja mtu aseme. Ni maneno mafupi, hata mtoto huyasema: baba yake yu hai. Mtu aseme, tucheke, sahani irudi kwa mzee, tule.

Mjomba Tolegen alikuwa anachunguza kipande cha mkate kama anatafuta jiwe ndani yake. Mkewe alikuwa amefungua bomba la birika kubwa la chai, kikombe kimejaa, chai inamwagikia mezani, naye hafungi. Togzhan alisimama akatoka na taji lake la Binti Theluji.

Mzee Musakhan akatutazama mmoja mmoja. Tabasamu lake lilikuwa bado lipo.

"Haya, semeni basi," alisema. "Hamna la kusema?"

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi niliusikia mshindo wake. Kila kitu cha siku ile kikanirudia kwa pamoja: skafu ya mchoyo, mkono wa fundi wa majiko, gundi ya kope, kondoo, shehe. Kijiji kizima kilikuwa kinajua. Kilikuwa kinampa pole Ayaz Ata, naye anawagawia peremende.

Mtaniuliza kwa nini sikusema mwenyewe. Nilijaribu. Nilifungua mdomo chini ya zile ndevu za pamba, na nikaogopa. Nikisema baba yangu yu hai, halafu asitokee wa kuitikia, itakuwaje? Bora maneno yabaki mdomoni, ambako hakuna awezaye kuyakataa. Nikamgeukia mjomba.

"Mjomba, waambie wewe."

Akainua uso. Macho yalikuwa yamemjaa maji.

"Siwezi kusema uongo mbele ya chakula, Sayat," alisema. "Nisamehe, mwanangu."

Hakuniita mwizi. Nilikuwa nangoja aniite mwizi, naapa, ningempa kuku wake wote, farasi wake wote, aniite mwizi mara moja tu.

Mama hakupiga kelele. Alikuwa ameshika ukingo wa meza, akamtazama mdogo wake kama alivyokuwa akimtazama utotoni alipovunja kitu.

"Tolegen, nani kakwambia?"

Mjomba akaeleza. Berdibek alimpigia kabla ya mnara kukatika. Hakutaka kuongea nasi, alimtaka yeye. Alimwambia asimwambie dada yake lolote, wala mimi, mpaka afike mwenyewe. Alimwambia aweke wazee karibu. Mjomba alifanya kama inavyofanywa. Habari ya namna hiyo haitupwi kwenye simu, wala haipewi mtu akiwa peke yake na jiko lake. Watu wazima hukusanyika, nyama hupikwa, na mwenye ulimi mzuri humwongoza mfiwa polepole mpaka aifikie mwenyewe. Alikuwa anamsubiri shehe aje na ulimi huo. Hakujua kwamba mzaha wa mzee ungefika kabla ya shehe.

"Alisema Zhumabai amekufa?" mama akauliza.

"Dada, maneno kama yale husemwa wakati gani mwingine?"

"Nimekuuliza kama alisema."

Mjomba akapangusa uso kwa kiganja. "Hakusema. Nani husema neno hilo kwenye simu?"

Mama akaitoa shali yake kichwani, akaifunika ile sahani, kichwa na kisu pamoja, akaipindia pembeni vizuri kama anayefunika unga uumuke.

"Basi kichwa hiki hakina mwenyewe kwa sasa," alisema. "Asikiguse mtu."

Mzee Musakhan alikuwa ameshaelewa. Aliomba radhi, sauti imemkauka, akisema afadhali ulimi wake ungekatwa. Mama akamwambia anywe chai.

Jamani, kuna hali ambayo sijui jina lake. Kulia ni kumzika mtu ambaye labda yu mzima. Kula ni kumla mtu ambaye labda amekufa. Tulikaa tukizunguka nyama inayoganda mafuta. Runingani watu waliovaa vitu vinavyong'aa walikuwa wanaimba wakitutakia heri, na hakuna aliyethubutu kuizima, kwa sababu watoto wangeuliza. Taa za mti zikawaka nyekundu, zikawaka kijani. Mimi nilikuwa yatima nusu, nimevaa joho la baba, nisijue nalivaa kama mtoto au kama mrithi. Nilimkasirikia Berdibek kwa kunyamaza, nikamkasirikia mjomba kwa kutonyamaza vizuri. Kisha nikalikasirikia lile blanketi, nikalia kidogo kwa sababu ya blanketi tu. Ndevu zikalowa, zikaanza kunibana.

Mlango wa chumba cha pili ukafunguka. Watoto wakamwagika ndani.

Ulikuwa wakati wa kuzunguka mti. Wanashikana mikono, Ayaz Ata katikati ya duara, wanahesabu mpaka tatu, wanapiga kelele nyota iwake, na mtu mkubwa mmoja aliyejificha nyuma ya pazia anachomeka waya wa nyota ya kileleni. Inzhu alikuwa ameshalikamata joho langu.

Nilimtazama mama. Nilitaka aniambie nisiende. Nilitaka mtu mmoja anizuie.

"Nenda," alisema. "Wao hawajamkosea mtu."

Nikaenda. Nilishika kiganja cha Inzhu upande mmoja, kiganja kinanata machenza, na upande wa pili nikashika cha mwenzake. Tukazunguka. Togzhan alikuwa amerudi, kope za bandia zimebaki upande mmoja, akaanzisha wimbo na kuumaliza peke yake. Watoto wakacheka kwamba Ayaz Ata anacheza kama dubu. Kweli nilikuwa nacheza hivyo, kwa maana sikuwa naona mbele. Na hili nalo nawaambia bila kuficha: katikati ya mzunguko ule, mkono mdogo ule ukinivuta, kuna sehemu yangu ilifurahi. Nyota ilipowaka na wale watoto wakapiga ukelele, sehemu hiyo ilifurahi kabisa. Sijaisamehe mpaka leo.

Mbwa wa mjomba wakaanza kubweka.

Kisha mwanga ukapita dirishani, ukafagia dari, ukasimama. Muungurumo wa gari. Huko nje tulijua hapapiti gari mpaka kizuizi kipandishwe, na sasa lilikuwapo moja uani, injini inapumua kwenye theluji.

"Umefungua barabara," Inzhu akaniambia. "Umeuambia kweli."

Injini ikazimwa. Wazee wote wakageuza nyuso kuelekea mlangoni, na nilijua wanachokisikiliza, kwa kuwa nilikuwa nakisikiliza mimi pia. Kwetu anayeleta msiba haingii kimya. Huanza kulia getini, kwa sauti, akimtaja marehemu, ili nyumba ijue kabla ya mlango kufunguliwa. Nilishawahi kumsikia Berdibek akilia hivyo babu alipofariki. Kaka yangu ana sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya mto.

Mlango wa gari ukafungwa. Hapakuwa na kilio. Mlango wa pili ukafungwa, na bado hapakuwa na kilio.

Mjomba akanong'ona kwamba labda Berdibek ametukuta na sikukuu, ameona taa za mti dirishani, amewaonea haya watoto. Mzee Musakhan akasema labda. Yule mzee sasa alikuwa anakubali kila kitu.

Tukasikia hatua kwenye theluji ngumu. Hatua, halafu kitu kigumu kikigonga barafu, halafu hatua nyingine. Fimbo. Baba yangu hajawahi kutembea na fimbo maishani mwake, alisema fimbo ni ya kuchungia. Anayetembea na fimbo ni Shehe Kasym. Lakini baba aliondoka hapa na mguu unaooza, na sikujua wamemrudishia nini, ikiwa wamemrudisha.

Nilitaka kukimbilia mlangoni. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshikwa na watoto, na sikuwa na nguvu ya kujinasua kutoka kwa vidole vya mtu wa umri wa Inzhu.

Mama alisimama. Aliifunua ile sahani, akaikung'uta shali, akajitanda kichwani, akaivuta vizuri mbele ya paji la uso. Kichwa cha kondoo kikabaki wazi mezani, kisu ubavuni. Alipopita karibu yangu aliniwekea mkono kifuani.

"Kaa hapo hapo," alisema. "Akiwa ni shehe, nitalia mimi kwanza. Akiwa ni baba yako, nitamgombeza kwanza."

Akavuka chumba. Akashika komeo na kungoja.

Fimbo ikapanda ngazi taratibu, ikafika juu, ikatua. Shehe Kasym husalimu akiwa bado nje, tena kwa sauti, ili wanawake wajitande. Baba huingia kwa shemeji yake bila kumsalimu mtu. Huyu aliyekuwa nyuma ya mlango tulimsikia anapumua, na hakusalimu wala hakuingia.